Nyanya zimejaa ndoo, bei imeanguka: kipi kiende kwenye chupa, kipi juani, kipi kwenye friza

Swali la msomaji, Iringa mjini: Nina mashina kama 80 ya nyanya nyuma ya nyumba, nusu Cal J na nusu Tengeru 97. Tangu Agosti ianze navuna ndoo nzima ya lita 20 kila baada ya siku mbili tatu, na sokoni bei imeshuka mpaka hailipi hata nauli. Mwezi uliopita nilisaga nyanya, nikazichemsha dakika kumi, nikajaza chupa saba za jamu na kumwagia mafuta ya alizeti juu ili hewa isiingie. Baada ya wiki mbili chupa nne zilivimba vifuniko na kutoa povu. Tatu zilizobaki zinaonekana nzima. Je, hizo tatu zinalika? Na ni njia gani ya uhakika ya kuhifadhi nyanya nyingi hivi, kwa mtu mwenye jiko la mkaa na friji ndogo yenye friza juu?

Jibu

Tuanze na hizo chupa tatu: usizile, na usizionje hata kwa ncha ya ulimi. Mwaga zote saba, nyanya pamoja na mafuta yake, kwenye shimo la choo au shimo refu ambalo kuku na mbwa hawawezi kulifukua. Vifuniko vitupe, chupa tupu zioshe kwa sabuni kisha uzichemshe, na mikono yako uioshe pia.

Zile nne zilizovimba zimejitangaza zenyewe. Hamira za porini na bakteria wa kuchachusha wameingia, wakala sukari ya nyanya na kutoa gesi. Zilizotulia ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu bakteria aitwaye *Clostridium botulinum* anaweza kutengeneza sumu ndani ya chupa bila povu, bila harufu na bila kubadili rangi. Sumu hiyo hupooza misuli, ikiwemo ile ya kupumulia. Ugonjwa wenyewe hautokei mara nyingi, lakini ukitokea unaua, na nyanya za chupa saba hazistahili bahati nasibu hiyo.

Kosa halikuwa uvivu wala uchafu. Kosa lilikuwa mafuta. Bakteria huyu huishi kwenye udongo, na mbegu zake ngumu hustahimili maji yanayochemka kwa saa nyingi. Ili zichipue na kutoa sumu zinahitaji mambo matatu kwa pamoja: mahali pasipo hewa, uchachu mdogo, na joto la kawaida la nyumbani. Mafuta juu ya chupa huzuia hewa, basi yanamtengenezea mazingira anayoyapenda. Kinachomzuia ni uchachu. Wataalamu wa chakula huupima kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake ikishuka maana yake uchachu umepanda. Chini ya 4.6 bakteria huyu hawezi kuota. Nyanya ziko mpakani hasa, kwa kawaida kati ya 4.3 na 4.9, kutegemea aina, udongo na kiwango cha kuiva. Ulimi hauwezi kukuambia nyanya yako iko upande gani, maana sukari huficha uchachu. Kwa hiyo nyanya zote za chupa huongezwa asidi, ziwe zinaonekana chachu au la.

Kosa la pili ni kwamba chupa hazikuchemshwa baada ya kujazwa. Kuchemsha nyanya kwenye sufuria, kuzimwaga kwenye chupa na kufunga kunaacha hamira zilizoko kwenye hewa, kwenye mwiko na chini ya kifuniko zikiwa hai. Ndizo zilizokuvimbishia vifuniko.

Kabla ya kuwasha moto

Usisubiri kuvuna mpaka nyanya ziwe nyekundu tii zote kwa pamoja. Ikianza kugeuka rangi kitakoni tayari imeshakomaa, na ukiichuma hapo itamalizia kuiva ndani ya nyumba kwa siku chache bila kupungukiwa ladha ya kukupa shida. Hiyo inakupa nafasi ya kupanga kazi badala ya kukimbizana na ndoo. Zipange safu moja, zikizidi safu mbili, upande wa kikonyo ukiangalia chini, mahali penye kivuli na hewa. Usiziweke kwenye friji zikiwa bado hazijaiva. Chini ya nyuzi 12 au 13 harufu ya nyanya hufifia na nyama yake huwa kama unga. Baridi ya usiku ya Iringa wakati huu inatosha kuzichelewesha. Ukitaka chache ziwahi, zifunge kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu.

Kama ulipuliza dawa, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuchuma. Kuosha hakuondoi dawa iliyopenya kwenye nyama.

Kila siku ya mavuno chambua ndoo mara moja, kwa macho makali. Nyanya ngumu, nyekundu, zisizo na jeraha ndizo za chupa. Cal J zako zenye nyama nyingi na maji kidogo zipe kipaumbele kwenye kukausha na kwenye rojo zito, kwa sababu Tengeru 97 itakula mkaa mwingi zaidi kabla haijafika uzito huohuo. Zilizoiva kupita kiasi, zilizopasuka, zenye tundu la kanitangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, au zilizooza kitako, kata sehemu mbovu kwa ukarimu, kisha zipike leo au zigandishe. Zisiingie kwenye chupa, maana nyanya iliyoiva sana au yenye jeraha hupungua uchachu. Yenye ukungu itupe nzima. Kwenye tunda lenye maji kama nyanya nyuzi za ukungu hupenya mbali kuliko doa unaloliona, na ukungu nao hupunguza uchachu.

Ndoo yako ya lita 20 ni kama kilo 12 hadi 14. Ukiipika iwe rojo zito utapata takriban lita 4. Ukiiponda bila kuikausha maji, lita 8 na kitu. Ukiikausha juani, gramu 600 hadi 800 tu. Namba hizo ndizo zitakazokuamulia njia kulingana na chupa, mkaa na nafasi uliyonayo.

Rojo la nyanya la chupa

Sufuria kwanza. Sufuria nyingi za sokoni ni za alumini, na nyanya ikichemka humo kwa saa mbili huila: rojo hupata ladha ya chuma na sufuria hung'aa pale ilipoliwa. Mchuzi wa nusu saa hauna tatizo, ila kazi hii ya kupunguza maji inataka sufuria ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka. Usilaze nyanya kwenye alumini usiku kucha hata siku moja.

Osha nyanya, zizamishe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60 mpaka ngozi ipasuke, zitumbukize kwenye maji baridi, menya, toa kikonyo na kiini kigumu. Sasa kuna jambo ambalo wengi hulikosa na ndilo linalofanya rojo lijitenge, maji chini na nyama juu. Nyanya ikikatwa, vimeng'enya vyake huanza mara moja kuivunja pektini, ile gundi ya asili inayoshika maji. Joto kali huviua vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo usikate ndoo nzima ukaiacha kwenye beseni huku mkaa ukishika. Kata robo tu, weka kwenye sufuria iliyo motoni, ponda kwa mwiko mpaka ichemke kwa nguvu, halafu ongeza nyingine kidogo kidogo unavyozikata, ukihakikisha sufuria haiachi kuchemka. Hizi za baadaye hazihitaji kupondwa, zitalainika zenyewe. Zikishaingia zote, chemsha dakika tano zaidi.

Zikiwa hivyo zinaweza kwenda kwenye chupa moja kwa moja kama nyanya za kupondwa. Ukitaka rojo, zipitishe kwenye chekecheke au zisage kwa blenda, kisha rudisha motoni. Hapa utaokoa mkaa ukizimwaga kwanza kwenye chujio na kuacha maji mepesi yajichuje kwa dakika ishirini kabla ya kusaga. Maji hayo usiyamwage. Yana ladha na chumvichumvi za nyanya, na wali uliopikwa nayo badala ya maji matupu unapendeza sana. Kilichobaki kitafikia uzito kwa nusu ya muda. Chemsha bila kifuniko, koroga chini kabisa ya sufuria, na rojo likianza kurusha matone punguza mkaa: hapo ndipo linapoungulia, na harufu ya kuungua haitoki tena. Lipo tayari ukiweka kijiko chake kwenye sahani na maji hayaendi pembeni.

Usitie kitunguu, karoti, hoho wala mafuta kwenye rojo hili la chupa. Vyote hivyo hupunguza uchachu au hubadilisha jinsi joto linavyopenya, na muda ninaokupa hapa haujahesabiwa kwa ajili yake. Rosti yenye viungo vyake vyote mahali pake ni friza.

Chupa ziwe za kioo, zisizo na ufa wala mdomo uliomegeka. Zako za jamu zinafaa kama ni za kioo kinene na kifuniko chake cha bati kina mpira mzima ndani. Vifuniko nunua vipya kwenye maduka ya vifungashio, vya kipimo cha mdomo huohuo. Kifuniko kilichowahi kufunguliwa kwa kisu kimepinda hata kama hukioni. Chupa zioshe na uziweke kwenye maji ya moto mpaka wakati wa kujaza, kwa sababu rojo la moto kwenye chupa baridi huipasua.

Asidi huingia kwenye chupa tupu, chupa moja moja, kabla ya rojo. Usiitie kwenye sufuria, maana huwezi kujua kila chupa imepata kiasi gani. Kwa chupa ya nusu lita au ndogo zaidi weka kimojawapo cha hivi: robo ya kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, au kijiko kikubwa kimoja (mililita 15) cha maji ya limau ya dukani, au vijiko vikubwa viwili (mililita 30) vya siki ya asilimia 5. Kwa chupa ya lita moja, mara mbili ya hapo. Limau na ndimu za kukamua mwenyewe sizipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu uchachu wake hupanda na kushuka kulingana na mti na kuiva. Siki soma lebo: nyingine madukani ni hafifu kuliko asilimia 5. Mimi ningechagua sitriki. Ni rahisi kupima na haiachi harufu. Ladha ikiwa chachu mno, weka sukari kidogo wakati wa kupika mboga, lakini usipunguze asidi. Chumvi, kama unaitaka, nusu kijiko cha chai kwa nusu lita. Hiyo ni ya ladha tu, haihifadhi chochote hapa.

Jaza rojo likiwa linachemka, ukiacha nafasi ya sentimita moja na nusu juu. Pitisha kijiti cha mbao au kisu cha plastiki pembeni kutoa mapovu ya hewa, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye maji ya moto, weka kifuniko, kaza kwa vidole tu, si kwa nguvu za mkono mzima. Hewa ya ndani inatakiwa ipate pa kutokea.

Kwa kuchemshia chupa, sufuria ya alumini haina ubaya, maana nyanya haziigusi. Tandika kitambaa kilichokunjwa au wavu chini ili kioo kisikae juu ya moto, panga chupa zisigongane, mimina maji ya moto mpaka yavuke vifuniko kwa sentimita 3 hadi 5, funika. Muda unaanza kuhesabiwa maji yakishachemka kweli kweli.

Na hapa Iringa yako ina la kusema. Mji uko kwenye mita kama 1,550 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Joto pungufu linadai muda zaidi. Kwa rojo au nyanya za kupondwa kwenye chupa ya nusu lita au ndogo zaidi, chemsha dakika 45. Ukitumia chupa ya lita moja, dakika 50 kwa rojo na 55 kwa za kupondwa. Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anahitaji 35 kwa nusu lita. Wa Morogoro mjini 40. Arusha, Mbeya na Nairobi ni 45 kama wewe. Njombe mjini na Makete, ambako ni juu ya mita 1,830, ni 50. Muda wa ukurasa wa intaneti ulioandikiwa watu wa pwani ya Ulaya hautakufaa.

Mkaa hudanganya hapo katikati. Jaza jiko vizuri kabla ya kuanza, na uwe na jiko la pili lenye moto ulioshika. Maji yakiacha kuchemka hata kidogo, rudisha mchemko na anza kuhesabu upya kutoka mwanzo. Yakipungua, ongeza yanayochemka, si ya bombani.

Muda ukiisha ondoa sufuria motoni, subiri dakika tano, toa chupa bila kuzilaza na uziweke juu ya kitambaa, mbali na upepo wa dirishani. Usizipindue kichwa chini. Desturi hiyo hairekebishi kitu na huweza kuharibu mshiko wa kifuniko. Baada ya saa 12 hadi 24 bonyeza kila kifuniko katikati. Kilichozama na kisichorudi juu kimeshika. Kinachocheza hakikushika: hiyo chupa iende kwenye friji, itumike ndani ya siku nne au tano. Zilizoshika andika tarehe na uziweke gizani, mahali pasipo joto. Ubora wake ni mwaka mmoja.

Kukausha, ambako Iringa ina neema

Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa yako ni kavu, jua ni la kutosha na mvua haipo. Watu wa pwani wangetamani hali hiyo. Kama ningekuwa na mkaa wa kubana, nusu ya Cal J zote ningezipeleka juani.

Osha, futa maji, kata vipande vya unene wa milimita 7 au kata nyanya ndogo mara mbili kwa urefu. Unene uwe mmoja. Mchanganyiko wa vipande vyembamba na vinene ndio unaoleta ukungu baadaye, kwa sababu utavitoa pamoja wakati nusu bado vibichi ndani. Mbegu na ule ute wake vinaweza kubaki, na sehemu kubwa ya ladha iko humo, ila huongeza siku. Acha vipande vijichuje kwa dakika chache, nyunyizia chumvi laini, gramu 10 kwa kila kilo, upande uliokatwa ukiangalia juu.

Usivianike kwenye bati. Asidi ya nyanya huyeyusha zinki ya bati na kuiingiza kwenye chakula. Tumia fremu ya mbao yenye wavu safi wa plastiki, au ungo. Iinue mita moja kutoka chini ili hewa ipite juu na chini, na funika kwa kitambaa chepesi au wavu kuzuia nzi na vumbi. Chandarua cha mbu chenye dawa kisitumike kabisa, hata kikiwa kikuukuu na kimefuliwa. Dawa ile imefumwa ndani ya nyuzi au imeshikamana nazo. Kaushio la jua, yaani boksi la mbao lenye nailoni inayopitisha mwanga juu na matundu ya hewa chini na juu, hufanya kazi upesi na kwa usafi zaidi. Joto ndani yake lisipite nyuzi 60. Likizidi, nje ya kipande hukauka na kuwa gamba wakati ndani bado kuna maji, na maji hayo hayatatoka tena.

Geuza vipande mara mbili kwa siku. Jioni kabla umande haujashuka viingize ndani, maana kipande kilicholala nje hunyonya tena unyevu wote ulioutoa mchana. Siku mbili hadi nne zinatosha. Kipande kilichokauka ni kama ngozi ya kiatu: kinapinda, hakinati, na ukikikata katikati na kukikamua hakitoi hata chembe ya unyevu. Ukitaka kusaga unga, endelea mpaka kivunjike.

Usifungie moja kwa moja. Jaza chupa kwa theluthi mbili, funga, itikise kila siku kwa wiki nzima. Vipande vyenye unyevu kidogo vitaugawa kwa vikavu. Ukiona umande ndani ya kioo, rudisha vyote juani. Vikipita jaribio hilo, hifadhi kwenye vyombo vidogo visivyopitisha hewa, gizani. Mwanga huzifanya nyanya kavu kuwa za kahawia na huharibu vitamini; joto nalo hivyo hivyo. Chupa ndogo ni bora kuliko ndoo moja kubwa kwa sababu kila unapofungua, unyevu huingia. Wanaoishi pwani wakaushe mpaka kuvunjika, la sivyo msimu wa mvua utawarudishia ukungu.

Kuna wanaozitia nyanya kavu kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu kibichi na kuziweka rafuni. Ni tamu, na ni hatari ileile ya chupa zako saba. Ukitaka, changanya kiasi cha siku tatu nne na kikae kwenye friji.

Friza ndogo

Nyanya nzima zinaweza kugandishwa zikiwa mbichi, zimeoshwa na kufutwa tu, na zikitoka ngozi huvuka yenyewe chini ya bomba. Tatizo lako ni nafasi. Kilo 12 za nyanya nzima zitajaza friza yote, ilhali rojo lake ni lita 4. Kwa hiyo gandisha kilichopikwa, na hapa ndipo rosti inapofaa: kaanga vitunguu, hoho, karoti na saumu unavyopenda, tia nyanya zile zenye majeraha ulizozikata, pika mpaka mafuta yajitenge, poza haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Jaza kwenye mifuko ya kufunga kiasi cha mboga moja ya familia yako, tandaza iwe bapa ya unene wa sentimita mbili, igandishe ikiwa imelala kisha isimamishe kama vitabu. Hivyo huganda upesi na huyeyuka upesi. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa vizuri miezi sita na zaidi. Kijifriza cha juu ya friji ndogo mara nyingi hakifiki hapo, basi panga kuimaliza ndani ya miezi miwili mitatu.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi muda mrefu kuliko iliyo nusu tupu, kwa hiyo nafasi zilizobaki zijaze chupa za maji. Umeme ukirudi na bado kuna barafu ndani ya mfuko, unaweza kugandisha tena, ingawa rojo litakuwa jepesi kidogo. Ikiwa umeyeyuka wote lakini bado una baridi ya friji, chemsha na ule siku hiyo. Ukiwa na uvuguvugu, tupa.

Sosi ya mezani

Njia hii inakubali kitunguu kwa sababu siki yake ni nyingi. Kwa kilo 3 za nyanya zilizomenywa na kukatwa tumia kitunguu maji kimoja cha wastani, chumvi gramu 20, sukari gramu 100, siki ya asilimia 5 mililita 250, na pilipili ya unga robo ya kijiko cha chai. Kwenye kitambaa safi funga karafuu tano, kijiti cha mdalasini na punje kumi za pilipili manga, chemsha ndani ya siki kwa kama dakika kumi huku sufuria imefunikwa, kisha zima na uache viungo vitoe harufu. Pika nyanya, kitunguu na pilipili dakika 20, toa kifuko cha viungo, tia siki hiyo na endelea dakika 30. Saga, chuja, ongeza sukari na chumvi, chemsha polepole mpaka ibaki nusu. Sukari ikiingia mapema sosi hushika chini, ndiyo maana inangoja. Jaza chupa za nusu lita au ndogo zaidi na uzichemshe kama nilivyoeleza hapo juu, kwa Iringa dakika 20. Ikishafunguliwa ikae kwenye friji.

Wakati wa kutumia

Gramu 50 za nyanya kavu zinabeba ladha ya kilo nzima ya mbichi, kwa hiyo anza na kidogo. Zilowanishe kwenye maji ya moto dakika 20 na maji hayo yaingie kwenye mchuzi. Unga wa nyanya hauhitaji kulowekwa. Kijiko kikubwa kimoja kwenye dagaa au mchicha, ukikaangwa nusu dakika kwenye mafuta ya vitunguu, unatosha. Uangalie, huungua upesi.

Kwenye maharage, rojo lako la chupa lina asidi ya ziada, na asidi huzuia ganda la maharage lisilainike. Yaive kwanza kabisa, ndipo utie nyanya. Ukiitanguliza utachoma mkaa mchana kutwa na maharage yatabaki magumu.

Kila chupa kabla ya kuifungua iangalie: kifuniko kiwe kimezama, pasiwe na povu linalopanda wala rojo lililovuja pembeni, na ukifungua isikie ikivuta hewa ndani, sio ikitoa. Maji kidogo yaliyojitenga chini si dalili ya kuharibika. Ni ile pektini tu, koroga na upike. Dalili nyingine yoyote kati ya hizo ikionekana, chupa hiyo iende shimoni bila kuonjwa.